Nani Anayedhibitiwa?

Istilahi "udhibiti wa wazazi", ionekanayo katika simu na ving'amuzi, yahitaji kutazamwa upya. Imekusudiwa kutaja uwezo wa mzazi kumzuilia mtoto baadhi ya mambo ya intaneti. Lakini baada ya neno "udhibiti", kiunganifu "wa" kimezoea kumtaja mtendwa. Wakulima wa Lushoto walihimizwa udhibiti wa mmomonyoko katika miradi ya hifadhi ya udongo ya miaka ya 1980; wanaujua pia udhibiti wa wadudu. Kitajwacho ndicho kidhibitiwacho. Basi mama wa Soni, akiyaona maneno hayo katika simu anayomwachia mwanawe, ana haki ya kudhani kuwa atakayefungiwa ni yeye, akayapita bila kuyagusa. (Na mara nyingi, tukubali, mtoto ndiye amwelekezaye mzazi simu.)

"Chujio" halina ubishi. Kila jiko linalo.

Kwa lile la kwanza twapendekeza "udhibiti wa matumizi ya mtoto". Ni refu, twakiri. Wako wapendeleao "uangalizi wa mzazi", nalo ni fupi na lasikika vizuri. Ila kuangalia si kuzuia, na chombo hiki huzuia.