Kutoka "Aliyemo" hadi "Iliyomo": Uhakiki wa Matini ya Karata ya Animate Dead katika Mchezo wa Magic: The Gathering

1.0 Utangulizi

Magic: The Gathering ni mchezo wa karata za kukusanya na kubadilishana uliobuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Karata za kawaida hubeba alama na tarakimu tu, lakini karata nyingi za mchezo huu hubeba matini fupi inayoeleza kile inachotenda karata husika. Ushindi wa mchezaji hutegemea, kwa kiasi kikubwa, namna matini hiyo inavyosomwa. Hivyo basi, karata ya mchezo huu inaweza kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote, kwa kuchunguza msamiati, mpangilio wa sentensi na urejeleo wake.

Makala hii inahakiki karata moja, Animate Dead, iliyokuwamo katika toleo la kwanza la mwaka 1993. Inadaiwa hapa kwamba ugumu wa karata hii hautokani na wingi wa maneno yake, bali na swali moja la utambulisho: je, kilichomo makaburini na kinachosimama uwanjani ni kitu kimoja au viwili? Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unalidhihirisha swali hilo kwa namna ambayo Kiingereza, lugha ya matini yenyewe, hakiwezi.

2.0 Matini ya Awali na Matini Rasmi

Kusudi la karata ni jepesi kueleza. Mchezaji hulipa vizio viwili vya mana, yaani nishati ya kichawi ya mchezo, kimoja kikiwa cheusi. Kisha humrejesha uwanjani kiumbe kutoka makaburi ya mchezaji yeyote, yaani lundo la karata zilizokwisha kutumika au kuangamizwa. Kiumbe huyo hupungukiwa na nguvu moja ya kushambulia, na uchawi uliomfufua ukiondoka, naye hurudi makaburini. Matini ya mwaka 1993 ililisema jambo hili kwa sentensi chache ambazo hata mchezaji mgeni angeweza kuzielewa.

Matini hiyo, hata hivyo, si ile inayotawala mchezo leo. Kwa mujibu wa kanuni, maneno yenye mamlaka ni yale ya matini rasmi inayotunzwa na wachapishaji, hata kama karata iliyo mkononi mwa mchezaji imeandikwa vingine. Kanuni zenyewe zimepanuka hadi kuzidi kurasa 200, na mabadiliko makubwa ya mwaka 1999 yaliweka utaratibu wa rundo, ambapo tendo lililoingia mwisho ndilo linalotekelezwa kwanza. Animate Dead ililazimika kuandikwa upya ili ilingane na mfumo huo.

Maudhui ya matini rasmi ni haya. Kwanza, karata hii huambatishwa kwenye karata ya kiumbe iliyomo makaburini. Pili, inapoingia uwanjani, na ikiwa bado imo uwanjani, hupoteza sharti hilo la mwambatisho na kupata jingine: kuambatishwa kwa kiumbe aliyewekwa uwanjani na Animate Dead. Tatu, hurejesha uwanjani karata iliyoambatishwa, chini ya himaya ya mchezaji aliyeitumia, kisha hujiambatisha kwa kiumbe huyo. Nne, inapoondoka uwanjani, anayemmiliki kiumbe huyo kwa wakati huo humtoa kafara.

3.0 Upatanisho wa Ngeli na Suala la Utambulisho

Matini ya awali, ikifasiriwa kwa Kiswahili, inazungumzia kiumbe yeyote aliyemo makaburini. Matini rasmi inazungumzia karata ya kiumbe iliyomo makaburini. Tofauti baina ya "aliyemo" na "iliyomo" ndiyo kiini cha karata nzima. Kanuni za mchezo zinatambua viumbe uwanjani tu. Kwingineko kuna karata. Kwa hiyo matini ya awali ilikuwa inaelekeza uchawi kwa kitu ambacho, kikanuni, hakikuwapo.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuikwepa tofauti hii, kwa kuwa kila kitenzi kinamdai achague. Karata "inarudi" kwa ngeli ya I-ZI, ilhali kiumbe "anashambulia" kwa upatanisho wa A-WA. Tendo la kufufua ni kuvuka kutoka ngeli moja hadi nyingine katikati ya sentensi. Kwa sababu hiyo sharti la mwanzo haliwezi kuendelea kutumika: uchawi uliofungamanishwa na kitu cha I-ZI hauna pa kushika pindi kitu hicho kinapogeuka kuwa cha A-WA. Kile kinachoonekana kuwa urasimu wa maneno ni hitaji la kisarufi.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba upatanisho wa Kiswahili haupimi uhai. Nomino "mfu" huchukua upatanisho wa A-WA ingawa inamtaja asiye hai, na "mzoga" huchukua ule wa U-I ingawa uliwahi kuwa mnyama. Jina la karata hii linamwita kilichomo makaburini mfu, yaani bado ni nafsi. Matini rasmi inakiita karata. Jina na matini havisemi jambo moja, na mchezaji anayeongozwa na jina atapotoka.

Zaidi ya hayo, ngeli hutambulisha aina tu. Haisemi ni kiumbe yupi. Kanuni huchukulia kwamba kitu kinachohama kutoka eneo moja hadi jingine huwa kitu kipya kisicho na kumbukumbu ya hali yake ya awali. Matini basi haiwezi kusema "kiumbe yuleyule". Inalazimika kumtambulisha kwa chanzo chake: aliyewekwa uwanjani na karata hii.

4.0 Matini katika Utendaji

Mifano mitatu inathibitisha kwamba kila kishazi kina kazi. Wa kwanza unahusu sharti la "ikiwa bado imo uwanjani". Tuseme mpinzani anaiangamiza Animate Dead wakati tendo la kufufua lingali katika rundo. Bila sharti hilo, tendo la kafara lingetekelezwa kwanza na kukosa wa kutolewa. Kisha kiumbe angefufuliwa na kubaki uwanjani bila kifungo chochote. Karata ya Oblivion Ring ya mwaka 2007, ambayo haina sharti la namna hiyo, ilijulikana kwa mwanya wa aina hii: ikiondolewa mapema, karata inayohamishwa nayo hairudi tena.

Mfano wa pili ni kiumbe mwenye kinga dhidi ya rangi nyeusi. Anapokuwa makaburini, kinga yake haifanyi kazi, hivyo karata yake inaweza kuchaguliwa. Anapofika uwanjani, Animate Dead, ambayo ni nyeusi, haiwezi kuambatishwa kwake. Uchawi huo huenda makaburini, na kiumbe hutolewa kafara. Amefufuka kwa muda mfupi tu.

Mfano wa tatu ni Worldgorger Dragon, karata ya mwaka 2002. Joka hili linapoingia uwanjani huhamisha karata nyingine zote za mmiliki wake zilizomo uwanjani, linapoondoka, huzirejesha. Likifufuliwa kwa Animate Dead, huuhamisha uchawi huohuo uliolifufua. Kuondoka kwa uchawi hulazimisha joka kutolewa kafara. Kuondoka kwa joka huurejesha uchawi, nao huambatishwa tena kwenye karata ya joka iliyomo makaburini. Mzunguko huendelea bila kikomo, na mchezaji anaweza kuvuna mana kutoka karata zake za ardhi kila mara kabla hazijahamishwa. Akikosa kiumbe mwingine wa kumchagua, na pasiwepo tendo la kuukatiza mzunguko, mchezo huisha kwa sare. Mzunguko huu unawezekana kwa sababu Animate Dead inayorudi ni kitu kipya, kisichokumbuka kwamba imeshamfufua joka huyo.

5.0 Tathmini

Matini rasmi imefanikiwa kuwa na jibu kwa kila hali iliyotajwa. Kasoro yake ipo katika mpangilio. Msomaji hukutana na "kiumbe aliyewekwa uwanjani" kabla ya sentensi inayomweka, hivyo hutakiwa kuelewa tokeo kabla ya tendo. Mpangilio huu hauonekani kuwa wa lazima: badiliko la sharti linapaswa kutangulia mwambatisho, lakini si lazima litangulie ufufuo. Kama ufufuo ungetajwa kwanza, badiliko likafuata, na mwambatisho ukahitimisha, matokeo yangebaki yaleyale na msomaji angesafiri pamoja na karata kutoka makaburini hadi uwanjani.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba Animate Dead ni ngumu kwa sababu kitu inachokiteua na kitu inachokifufua havitambuliwi na kanuni kuwa kitu kimoja. Matini ya awali iliuficha ukweli huo chini ya neno moja, nayo ikasomeka. Matini rasmi imeufichua, nayo ikawa nzito. Kwa mtafiti wa Kiswahili, karata hii inaonesha kwamba upatanisho wa ngeli unaweza kuwa zana ya uchambuzi hata kwa matini zilizoandikwa katika lugha zisizo na ngeli. Anayetaka kuifafanua kwa mchezaji mgeni hana haja ya kuanza na kanuni. Aanze na swali la sarufi: kilichomo makaburini, je, "kinaitwa" au "anaitwa"?