Katriji ya tano: hesabu ambayo The Flight of the Phoenix haikuiona

Nazungumzia ile ya mwaka 1965, ya Robert Aldrich, si ile waliyoirudia mwaka 2004. Nitakuharibia mwisho wake, kwa hiyo kama unajali mambo hayo katazame kwanza. Ni zaidi ya saa mbili, andaa chai.

Kisa chenyewe kifupi. Ndege ya mizigo inakumbwa na dhoruba ya mchanga katikati ya Sahara, injini zinazima, inaanguka. Maji ni ya kuhesabu. Abiria mmoja Mjerumani, Dorfmann, anasema yeye ni mbunifu wa ndege, na kwamba kwenye mabaki yale kuna vifaa vya kutosha kuunda ndege ndogo ya injini moja. Rubani mzee, Towns (James Stewart), hamwamini, lakini wanaijenga hivyo hivyo. Karibu na mwisho inagundulika kwamba Dorfmann hubuni ndege za mfano, vile vidogo vya kuchezea. Watu wengi wakiizungumzia filamu hii huishia hapo na kucheka. Mimi naitaka injini.

Stata yake haitumii betri. Ni ya aina inayoitwa Coffman: unapachika katriji inayofanana na risasi ya bunduki, baruti inaungua, gesi inasukuma pistoni ya stata, na hiyo inaizungusha injini mizunguko michache. Basi. Haikuwaka? Weka nyingine. Wao wamebakiwa na katriji 7.

Nne za kwanza zinashindwa. Hapo Towns anazima umeme wa plagi na kusema ataipiga ya tano bila moto, kusafisha silinda tu. Dorfmann anapandwa na wazimu. Towns anaipiga. Ya sita, injini inawaka.

Filamu imelipanga tukio hili kama ugomvi kati ya mzee mwenye uzoefu na kijana wa hesabu. Kijana anahesabu katriji, mzee anaisikia injini moyoni mwake, mzee anashinda. Mimi sikubaliani kabisa na usomaji huo, na nadhani hata mwongozaji mwenyewe hakuona alichokuwa nacho mkononi.

Hebu tuhesabu. Injini ya mipigo minne huhitaji krankshafti izunguke mara mbili ili kila silinda ipate nafasi moja ya kuwaka. Kwa hiyo katriji moja inaipa kila silinda nafasi chache mno. Na kila jaribio linaloshindwa linaacha petroli ndani ambayo haikuungua. Plagi zinalowa, mchanganyiko unazidi kuwa na mafuta mengi na hewa kidogo, na jaribio linalofuata linaanza kwenye hali mbaya kuliko lililopita. Ukizungusha injini bila moto, pistoni zinazisukuma takataka hizo nje na kuvuta hewa mpya.

Sasa tuchukue namba za kubuni. Tuseme injini iliyolowa ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuwaka kwa kila katriji. Ukiwa na katriji 3, nafasi ya kushindwa zote ni 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729. Kwa hiyo nafasi yako ya kuokoka ni asilimia 27 hivi. Ukiitoa moja kafara kusafisha, zinabaki 2. Je, usafi unatakiwa usaidie kiasi gani ili usipate hasara? Piga hesabu utaona: ikipanda kutoka asilimia 10 hadi 15 tu kwa kila katriji, tayari umeshamzidi Dorfmann. Ikifika asilimia 40, nafasi ya kuokoka ni 64 kwa mia.

Yaani aliyekosea hesabu ni mtu wa hesabu. Dorfmann alihesabu majaribio akasahau kuuliza kila jaribio lina thamani gani. Towns, bila kalamu, alikuwa na modeli bora ya kinachotokea ndani ya silinda. Hiyo si hisia jamani. Hiyo ni sayansi iliyovaa ovaroli.

Linaniuma kwa sababu nimewahi kuwa Dorfmann. Nikiwa kwenye utafiti wa shahada ya uzamili nilikuwa na injini ndogo ya jenereta iliyokaa miezi bila kuguswa, na asubuhi moja tu ya kuitumia kabla wenzangu hawajachukua vipimo. Nikavuta kamba mpaka bega likawaka, injini haikuwaka. Fundi wa maabara akapita akasimama. "Mdogo wangu, unaijaza petroli tu hapo." Akafungua plagi, akaniambia nivute kamba plagi ikiwa nje. Nikaona ananipotezea muda, nikamwambia, "Mzee, saa mbili zimebaki." Hakunijibu. Nilivuta mara kumi hivi, petroli ikaruka nje, akaikausha plagi na kuirudisha. Mvuto wa pili ikawaka. Kwenye ripoti yangu yeye hayumo, mimi nimo.

Pale filamu inaponiangusha ni kabla ya katriji ya kwanza. Tunaona sana bawa likihamishwa, usiku, kiu, ugomvi, ila injini inapata muda wake mwishoni. Na hii ni injini iliyomeza mchanga! Mchanga wa jangwani kwa sehemu kubwa ni silika, unakwangua kuta za silinda na ringi za pistoni kama msasa. Halafu silinda za injini hii zimepangwa kwa duara kama spoki za baiskeli, zile za chini zinatazama ardhi. Ikikaa siku kadhaa, oili hushuka na kujikusanya humo. Oili haibanwi kama hewa, na ukiipiga katriji ghafla unaweza kupinda mkono wa pistoni. Ndiyo maana mafundi wa injini hizi huzungusha rafadha, lile panga la mbele, kwa mikono kwanza, wakisikiliza kama kuna mahali inakataa. Ikikataa hawalazimishi, wanafungua plagi za chini oili itoke. Hebu fikiria tukio hilo likipigwa kwa ukimya: wanaume waliokauka midomo wakisukuma panga taratibu. Lingetisha kuliko mlipuko.

Na ikishawaka, muziki unapanda, kana kwamba mtihani umekwisha. Marekani, aliyejiundia ndege hutakiwa kwanza airushe kwa majaribio bila abiria, kwa kawaida saa 25 au 40. Hawa wanapaa mara ya kwanza abiria wamelala juu ya mabawa. Sawa, hawana hiari, wangekufa kwa kiu. Ila waliopiga filamu walikuwa na hiari. Ndege ya kweli iliundwa kwa ajili ya kamera, injini yake ya silinda 9. Tarehe 8 Julai 1965, Paul Mantz akiirusha, ilipogusa jangwa ikagonga kijilima na mwili wake ukakatika. Mantz alifariki. Filamu imetolewa kwa heshima yake, na ili kuimalizia walirekebisha ndege nyingine kabisa, North American O-47, ifanane na ile.