Karai la Alfajiri

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Ng'arenairobi bado ni giza, na baridi ya upande huu wa Kilimanjaro inauma mpaka kwenye kucha. Ndipo ninapofunua karai. Ndani kuna nyama iliyokuwa ikiyeyuka barafu usiku kucha: shingo na vichwa vya kuku, moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande, bandama, na kipande cha ini kisichozidi kiganja cha mtoto. Sijaita mtu. Lakini mlio wa bati hufika mbali kukiwa na umande, na kule zizini wameshausikia. Wanakuja mbwa watatu: Simba mbele, Watasema nyuma yake, na Shani wa mwisho kwa ule mwendo wake wa kupinda mguu wa kushoto. Wametoka lindoni. Kondoo wamelala kwa sababu wao hawakulala.

Sikuzaliwa katika kazi hii. Nimezaliwa Pangani, katika nyumba ambayo mbwa akikatiza uani hufukuzwa kwa kishindo. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii. Chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nililelewa hivyo na naishi hivyo hadi leo. Ila mwalimu huyohuyo wa chuoni aliyetufundisha kuosha ndiye aliyetusimulia kisa cha vijana wa pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini, na kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Alitueleza pia kwamba mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba ana ruhusa yake. Niliyasikia hayo kwa sikio la mtoto. Nilipofika huku kusimamia shamba la kondoo yalinirudia yote, kwa sababu nilikuta mbwa wawili waliokonda mbavu wakilishwa ugali wa pumba na maji ya kusuuzia sufuria, na usiku wakitegemewa wamkabili fisi.

Tulifundishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mbwa jasho lake hutoka nyayoni. Asubuhi nikiziona nyayo za Simba zimelowa, iwe ni umande au jasho, nakumbuka deni langu.

Ugali wenyewe siudharau. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Uswidi, wakiongozwa na Erik Axelsson, walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, kile kinachotoka kwenye kongosho, wakati mbwa mwitu wa nchi za baridi, ndugu yake, anazo mbili tu. Maana yake ni kwamba mbwa amekula makombo yetu kwa muda mrefu mpaka mwili wake ukageuka. Ugali umo ndani yake kama ulivyo ndani yangu. Lakini mtazame meno: arobaini na mawili, na ya nyuma yamekaa kama makasi. Taya halisagi huku na huku kama la mbuzi. Hufunguka na kufunga tu, likikata. Kinywa kile hakikuumbwa kwa ajili ya pumba peke yake.

Aliyenifundisha kazi hii ni Shani, na fundisho lilimgharimu yeye. Nilimpata akiwa na miezi miwili, nikadhani mapenzi ni mnofu. Nikawa namnunulia buchani nyama laini isiyo na mfupa, ambayo ningeweza kuila mwenyewe. Mwezi wa pili akaanza kuchechemea. Mwezi wa tatu miguu ya mbele ikaingia matege, akawa analia akivuka mfereji. Mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake pembeni mwa shamba, alichuchumaa, akamshika mguu na kuubonyeza kidogo kwa kidole gumba.

"Kijana," akaniuliza, "mifupa ya huyu umempa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nawapa mbwa wakubwa. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa mtoto anayekua haukubali kupungukiwa. Huichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Shani alikuwa akijila kutoka ndani huku mimi nikijisifu kwamba namlisha vizuri kuliko mbwa yeyote wa wilaya ya Siha. Tulimrudisha polepole, kwa shingo za kuku na unga wa maganda ya mayai. Mguu wa kulia ulinyooka. Wa kushoto haukunyooka wote.

Tangu hapo nina mizani jikoni. Mbwa mzima hula kwa siku asilimia mbili hadi tatu ya uzito wake. Simba ana kilo 28, fungu lake ni gramu 700, na msimu wa kuzaa kondoo, usiku unapokuwa na mbio nyingi, namwongezea. Katika kila kilo, gramu 800 hivi ni mnofu. Moyo, ulimi, firigisi na utumbo navihesabu humo. Gramu 100 ni mfupa wa kutafunika. Hamsini ni ini. Hamsini zilizobaki ni bandama au figo. Wengine huwa hawaniamini ninaposema kwamba ini ndilo la kupima kwa uchoyo, maana buchani ndilo tamu na ndilo rahisi kulipata. Lakini ini ni ghala la vitamini A, na vitamini hiyo ikizidi siku baada ya siku huumiza mifupa na viungo. Mara mbili kwa wiki natia dagaa wa Mwanza waliopepetwa mchanga. Kitunguu hakiingii kabisa, kibichi wala kilichoiva, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa. Ndiyo sababu mabaki ya mchuzi wetu siwapi hata wakilia. Siku moja moja karai halilingani sawasawa na hesabu hii. Wiki nzima ndiyo hulingana, na hilo latosha.

Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, aliandika kitabu kizima cha kuwataka watu wampe mbwa mfupa. Kilisomwa sana huko kwao, na kilizua ubishi mkubwa. Nadhani yule mzee wa Kimaasai angekubaliana nacho, ila angeuliza kwa nini kimekuwa kirefu hivyo.

Mfupa una adabu yake. Mbichi hupinda kabla ya kuvunjika. Ukishachemshwa au kuchomwa hukauka, na ukipasuka hutoa ncha kama kigae. Kwa hiyo mfupa wa nyama choma hautoki mezani kwangu kwenda kwa mbwa, uwe umebaki na nyama kiasi gani. Mbavu za kondoo, shingo, gegedu la kifuani, hivyo ndivyo vya kutafuna. Goko la ng'ombe, ule mfupa mzito uliobeba mnyama maisha yake yote, nililiacha baada ya Watasema kupasua gego la juu. Shingo ya kuku ikiingia katika taya zuri hutoa mlio mmoja mfupi, mkavu, kama mtu anayekanyaga kijiti kikavu msituni, halafu kimya. Nimefika mahali ambapo, nikiwa nimewapa mgongo, najua kwa mlio huo nani anakula vizuri na nani anameza bila kutafuna. Anayemeza, kesho yake namkatia vipande vikubwa zaidi ili alazimike kutafuna.

Lakini kazi yenyewe hasa iko kwenye ini, kabla karai halijajazwa. Tunapochinja kondoo hapa shambani, ini na mapafu havishuki chini. Hupanda juu ya meza ya saruji, mbali na pua za mbwa, navigeuza kwenye mwanga wa mchana, nikipapasa kila upande kwa vidole. Natafuta vifuko vya maji. Vingine ni vidogo kama punje ya mahindi, vingine hufikia ukubwa wa yai, vyeupe, vigumu kidogo ukibonyeza. Ndani yake mna mbegu za tegu mdogo sana, milimita chache tu, ambaye hukomaa katika utumbo wa mbwa. Mbwa huyo hataonyesha ugonjwa wowote. Atanenepa, atakimbia, atacheza na watoto, na kila akijisaidia ataacha mayai ambayo macho hayayaoni. Mayai hayo yakifika kwenye mkono wa mtoto na kutoka mkononi kwenda kinywani, baada ya miaka mtu huyo ataota vifuko hivyohivyo kwenye ini lake au kwenye mapafu yake.

Waturkana wa kaskazini magharibi mwa Kenya wanaujua ugonjwa huu kuliko karibu watu wote duniani. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianza huko kampeni ya kuukabili, ya upasuaji kwa watu, dawa kwa mbwa na mafunzo kwa wachinjaji. Na mbali kabisa, Aisilandi, nchi nyingine ya kondoo na mbwa, ugonjwa huo ulikuwa balaa katika karne ya 19, mpaka mtafiti wa Denmaki, Harald Krabbe, alipokwenda huko mwaka 1863 kuuchunguza. Kikaandikwa kijitabu kikagawiwa nyumba kwa nyumba: msimtupie mbwa vifuko, vichomeni au vizikeni. Vizazi vichache baadaye ugonjwa ulitoweka. Mbwa hakuondolewa mashambani. Walibadilisha kile kinachotoka mkononi mwa mchinjaji.

Hadithi ile hunipa moyo kila ninaposimama mbele ya meza yangu ya saruji. Ini lenye kifuko hata kimoja huenda shimoni, kina cha kiuno, na moto juu yake. Lililo safi pia haliliwi siku hiyo. Wafugaji wa Nyuzilandi hushauriwa nyama ya kondoo ya kulishia mbwa ipikwe, au igandishwe kwa nyuzi 10 chini ya sifuri, au zaidi, kwa siku 10 kamili, na mimi nimeifuata hesabu yao. Umeme ukikatika muda mrefu naanza kuhesabu upya. Kila wiki ya sita mbwa wote watatu hunywa prazikuanteli, kwa kuwa tegu yule huhitaji muda wa karibu wiki hizo kukomaa. Kinyesi chao huokotwa na kuzikwa. Mtu akinisifu kwamba nawalisha mbwa nyama, namwambia kwamba nyama ni sehemu ndogo ya kazi.

Kuna na kibudu. Kila mfugaji amejaribiwa: kondoo amekutwa amekufa asubuhi, bado ana joto, na mtu anasema, "Si tuwape mbwa?" Hapana. Mnyama aliyejifia mwenyewe ana siri asiyoisema, na huku kaskazini siri hiyo yaweza kuwa kimeta. Mzoga unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma haupasuliwi hata kwa kuchungulia; huitwa bwana mifugo, huzikwa na chokaa. Nilimkatalia hivyo kijana mmoja wa shamba la jirani akanuna juma zima.

Daktari wa mifugo anayetuhudumia haipendi njia yangu, na sababu zake ni za kweli. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kuwaasa watu wasiwalishe mbwa nyama mbichi, kwa sababu ya salmonela na wadudu wengine ambao barafu haiwaui, ambao mbwa huwabeba bila kuugua na kuwaambukiza watu. Nilimsikiliza. Nyumba yenye mtoto mchanga, au mgonjwa aliyedhoofika, ningeishauri ipike. Kwangu karai ni la mbwa tu, kisu ni cha mbwa tu na kina utepe mwekundu mpinini, sakafu ya kulia chakula humwagiwa maji yanayochemka, na kilichobaki baada ya dakika ishirini huondolewa. Kuhusu mikono na vyombo sikuhitaji kufundishwa na Marekani. Maji mara saba na udongo nilikuja nayo kutoka Pangani.

Hula asubuhi, si jioni. Mbwa aliyeshiba jioni husinzia langoni, na mbwa mwenye tumbo zito akitimka mbio ghafla tumbo laweza kujisokota, na hapo hufa kabla daktari hajafika kutoka Sanya Juu. Kwa hiyo kwanza lindo, halafu pumzi, halafu karai, halafu usingizi kwenye jua. Nawatazama wakilala. Baadaye natazama walichokiacha majanini, maana ndiko kuna majibu ya jana: kikiwa cheupe na kikavu kama chaki, mfupa umezidi, kikiwa cheusi na laini, ini limezidi. Hakuna kitabu kinachosoma kwa ukweli kama hicho.

Mwaka jana mama alikuja kutusalimia, mara yake ya kwanza kupanda mlimani. Alileta nazi, uduvi na mashaka yake yote. Siku tatu alikaa barazani, mbwa upande huu, yeye upande ule, na kanga ameivuta karibu. Hakuuliza kitu. Alikuwa akiniangalia tu nikipima, nikikata, nikigeuza ini kwenye mwanga, nikisugua mikono kwa udongo. Usiku wa tatu fisi walikuja karibu, na sote tulisikia Simba na Watasema wakiwasukuma mpaka ng'ambo ya korongo, na sauti ya Shani, ambaye hawezi kukimbia mbali, ikibaki palepale mlangoni pa zizi.

Asubuhi niliingia jikoni nikakuta maganda ya mayai ya chai yetu yameoshwa na kupangwa kwenye ungo, kando ya jiko, yakauke.

"Shikamoo, mama. Haya umeyaweka ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ya yule mwenye mguu," akasema, akaendelea kupepeta mchele.