Wasiwasi si "Worry"

Kamusi za lugha mbili zimezoea kulikabili neno la Kiingereza "worry" kwa mlolongo: wasiwasi, hofu, shaka, hangaiko, fadhaa. Msomaji huachiwa achague apendalo, kana kwamba yote ni mamoja. Mazoea hayo yanastahili kupingwa.

Neno la Kiingereza lenyewe lilianza kwa maana ya kunyonga, na hata leo mbwa amshikaye kondoo kwa meno hutajwa kwa kitenzi hicho hicho. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 yazungumzia kurarua na kudhulumu. Maana ya mtu kujisumbua kwa mawazo ilikuja kustawi katika karne ya 19.

Wasiwasi umetoka kwingine kabisa. Katika Kiarabu asili yake ni mnong'ono, na kila aisomaye Sura ya 114 ya Kurani anamjua mnong'onezaji. Ndiyo maana twasema wasiwasi umemwingia mtu, hatusemi ameufanya. Tena mzazi asemaye "nina wasiwasi naye" hakuonyesha huruma: amemshuku mwanawe. Angetaka huruma angesema "nina wasiwasi juu yake". Mfasiri asiyeipima tofauti hiyo ndogo humgeuza mama kuwa mpelelezi.

Kuhangaika, kwa upande wake, ni jambo la miguu kabla ya kuwa la moyo. Mtu huhangaika njiani, sokoni, hospitalini. Katika kauli ya kutendea maana hiyo huzidi kudhihirika: mama amhangaikiaye mwanawe hakuketi akiwaza, bali anazunguka kutafuta karo. Tukimfasiri kwa "worry" peke yake, jasho lake lote limepotea, na mhusika mtendaji amekuwa mnyonge wa mawazo.

Shaka na mashaka nayo yatahadhariwe. Yaonekana kama umoja na wingi, lakini shaka ni kukosa hakika, na mashaka aghalabu ni taabu.

Sijui kama yafaa kuileta sinema katika jarida hili, ila filamu ya *The Lion King* ya mwaka 1994 iliwafunza mamilioni kuwa "hakuna matata" ni kutokuwa na "worries". Matata yako nje ya mtu: ni ugomvi, ni mambo yaliyotatana kama uzi. Asiye na matata yoyote aweza kukesha kwa wasiwasi. Basi kidahizo cha "worry" kipewe sentensi kamili kwa kila kisawe, pamoja na kitenzi na kihusishi chake.