Injini Ikinyamaza

Abiria anayetua London kwa mara ya kwanza hutazama chini na kustaajabia ukubwa wa jiji. Rubani wa ndege ndogo akitazama paa hizo hizo, anaona kitu kimoja tu: hapana pa kushukia. Kanuni za anga za Uingereza zinajua hivyo. Anayepita juu ya makazi ya watu lazima awe na kimo cha kumwezesha kutua pasipo kumdhuru aliye chini, hata injini ikizimika. Helikopta za injini moja zinazokatiza katikati ya jiji zimepewa njia inayofuata Mto Thames, kwa kuwa mto ndio uwazi uliosalia. Ndege ndogo zimesukumwa pembezoni, kwenye viwanja kama Elstree, Biggin Hill na North Weald. Huko, juu ya mashamba ya ngano na malisho ya kondoo, ndiko unakofundishwa ufundi ninaoupenda kuliko wote wa urubani: kuishusha ndege isiyo na nguvu.

Somo huja bila hodi. Mwanafunzi yuko futi 3,000, ametulia, pengine ameanza kufurahia mandhari. Mwalimu ananyoosha mkono, anaurudisha wenzo wa nguvu ya injini nyuma mpaka mwisho, anasema injini imekufa. Ngurumo inageuka mnong'ono wa upepo. Hapo mikono ya mgeni hukimbilia swichi kutafuta kosa. Mwalimu mzuri humzuia, kwani kwanza ni mwendo. Ndege ya mafunzo ya Cessna 152 hutaka kama noti 60 (maili za baharini kwa saa). Ukipunguza mno, mbawa zinaacha kubeba. Ukizidisha, unachoma kimo ambacho huna pa kukipata tena. Ukiushika mwendo huo, ndege ya namna hii husonga karibu futi 9 kwa kila futi moja inayoshuka. Kutoka futi 3,000, hewa ikiwa shwari, hiyo ni kama kilomita 8 na dakika nne hivi. Watu wamefanya mengi kwa dakika nne.

Kisha upepo: moshi unalalia wapi, maji ya bwawa yanakunjamana upande gani. Kisha shamba. Liwe refu, lisiwe na mteremko, lisiwe na ng'ombe, na nyaya za umeme zisipite mbele yake. Nyaya zenyewe hazionekani kutoka juu. Huonekana nguzo, kwa hiyo rubani huhesabu nguzo. Shamba likishapatikana ndipo anaruhusiwa kuuliza injini ina nini. Mara nyingi jibu la Uingereza ni unyevu: hewa yenye maji hugandisha barafu ndani ya kabureta hata siku ya nyuzi 20, na kuvuta wenzo wa joto huweza kuifufua injini. Isipofufuka, ni Mayday redioni, kufunga mafuta, kukaza mikanda, na kuulegeza mlango usije ukabana watu ndani bodi ikipinda.

Shida kubwa ya wanafunzi ni tamaa. Katikati ya safari ya kushuka wanaona shamba zuri zaidi upande wa pili, wanalikimbilia, wanakosa yote mawili. Tamaa nyingine ni mbaya zaidi. Injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, moyo unataka kugeuka na kurudi uwanjani. Kona hiyo inakula kimo na mwendo ambavyo ndege haijawa navyo, na imewaua marubani wenye uzoefu wa miaka. Kanuni ni kwenda mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo, na kukubali chochote kilichopo. Walimu husema injini ikishazima ndege ni mali ya kampuni ya bima. Maneno makavu, lakini ndiyo yanayookoa watu: asiyelilia chuma huamua haraka.

Afrika Mashariki ilimlea bingwa mmoja wa jambo hili. Beryl Markham alikulia Njoro, Kenya, akizungumza Kiswahili tangu utotoni, na kama rubani alizoea kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani, kazi ambayo kutua porini kulikuwa sehemu yake. Ndege aliyoirusha, Percival Vega Gull, ilitoka kiwandani Gravesend, chini kidogo ya London kwenye Thames. Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon peke yake kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Barafu iliziba tundu la hewa la tangi, mafuta yakakoma kufika kwenye injini, akaiteremsha ndege kwenye kinamasi cha Baleine, Kanada. Ndege ililala kwa pua, yeye akatoka na jeraha la paji la uso. New York hakufika, lakini alikuwa ameivuka bahari.

Na ufundi huu haukomei kwenye ndege ndogo. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 ya British Airways kutoka Beijing ilikuwa futi 720 juu ya London, kilomita chache kutoka Heathrow, injini zote mbili zilipokataa kuongeza nguvu. Barafu ilikuwa imeziba njia ya mafuta. Rubani msaidizi John Coward alikuwa kwenye usukani; nahodha Peter Burkill akazirudisha flapu, vipande vinavyoshushwa nyuma ya mbawa, kutoka 30 hadi 25 kupunguza ukinzani wa hewa. Wachunguzi walikadiria kwamba hatua hiyo iliongeza kama mita 50. Nimesema kimo hakinunuliki. Burkill alipata mita zake kwa kukubali kupoteza sehemu ya uwezo wa mbawa kubeba. Ndege iliivuka mitambo ya antena, ikaanguka kwenye majani kabla ya lami. Watu 152 walikuwamo, na wote walitoka hai.

Basi ukipanda ndege ya Caravan, yenye injini moja, kutoka Zanzibar kwenda Dar es Salaam na ukapewa kiti cha mbele, usimsemeshe rubani ndege inapoacha ardhi. Ana shughuli: anachagua pa kutua. Msubiri apate kimo kwanza, ndipo umuulize habari za hali ya hewa.