Nyuzi Nane za Mpakani

Litungu la Wakurya halina haraka. Tumbo lake ni gogo lililochongwa ndani hadi likawa bakuli kubwa, kisha likawambwa ngozi. Juu yake hupanda miti miwili inayobeba wa tatu uliolala, na hapo ndipo zinapofungwa nyuzi nane. Zamani nyuzi zilitokana na kano za ng'ombe; siku hizi mishipi ya nailoni nayo hutumika. Gitaa lina skrubu za kukazia, litungu halina. Fundi huuzungusha uzi kidogo kwenye mti wa juu, anaudonoa, anasikiliza, anazungusha tena. Waliokuja kucheza husubiri, maana wanajua wimbo umeshaanza hapo.

Akishaanza kupiga, vidole hushika mzunguko mfupi na kuurudia bila kuchoka. Sauti ya mwimbaji haifuati vidole. Mara inatangulia, mara inachelewa, mara inanyamaza na kuiachia mikono iseme. Nyuzi nzito huvuma kwa mkwaruzo, na mkwaruzo huo hutakiwa. Ukiuondoa, wazee watasema chombo kimepoa.

Ufundi huu umelelewa mpakani mwa Tanzania na Kenya. Anayevuka Sirari kwenda Isebania, Kenya, hajatoka kwa Wakurya, maana ndugu zao wamejaa upande wa Kehancha. Upande wa Tanzania, ukishuka kuelekea Ziwa Victoria unafika Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, na huko Wajaluo wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane. Wakisii wa Kenya wana obokano. Vyombo hivi ni ndugu wa damu, ila kila kimoja kina tabia zake. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ukingo wa chombo, hivyo ngoma na zeze viko kwa mtu mmoja. Katika litungu mdundo huongezwa na wachezaji, wakikanyaga ardhi kwa viatu vizito vya mbao.

Aliyeifikisha sauti ya ukoo huu wa vyombo mbali ni Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda, mtoto wa wazazi Wajaluo waliokuwa wanamuziki, na sehemu ya utoto wake aliiishi Marekani walikokwenda wazazi wake kutumbuiza. Nairobi alishiriki kuanzisha bendi ya African Heritage, iliyochanganya ala za asili na za umeme. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga mitaani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa na Real World mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Alifariki mwaka 2019.

Mtu aliyepita kwenye bendi ya umeme angeweza kuisindikiza nyatiti kwa magitaa na tarumbeta. Ogada alikwenda kinyume. Alipunguza mwendo, akashusha sauti, akaacha nafasi kati ya mdonoo na mdonoo, hata msikilizaji asiyejua Kijaluo akaisikia kazi ya kila uzi.

Kulikuwa na gharama. Kijijini nyatiti hukimbia. Msibani au kwenye pombe mpigaji humtaja mtu kwa jina, humsifia babu yake, humchokoza bahili mpaka atoe fedha. Abiria wa London hana jina la kutajwa wala shemeji wa kumcheka. Basi Ogada aliyaacha majina, akabaki na Kothbiro, wimbo unaoita watoto warudishe ng'ombe kwa kuwa mvua inakuja, jambo ambalo mfugaji yeyote wa mpakani angelielewa.

Leo kijana wa Tarime anaweza kurekodi mlio wa litungu kwa simu na kuuweka kwenye mdundo wa kompyuta kabla ya chakula cha mchana. Sina ugomvi naye. Mpakani watu wamekuwa wakiazimana milio tangu kabla mpaka haujachorwa. Ila Ogada alipunguza kitu alichokijua kizima. Anayeruka kikao cha kukaza nyuzi naye atapunguza, bila kujua amepunguza nini.