Bei ya Paa: Ukarimu, Kumbukumbu na Masimbulizi katika "Sultani Darai" na Adili na Nduguze

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, ukarimu huhesabiwa kuwa dhamira isiyohitaji maelezo. Anayetoa husifiwa, anayenyima hulaumiwa, na mjadala hufungwa. Ndiyo maana ngano ya Sultani Darai, iliyochapwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) huwekwa katika kapu moja: hadithi mbili za wema uliotendwa bila kutarajia malipo. Makala haya yanadai kwamba kapu hilo limefungwa mapema mno. Matini hizi mbili hazipimi ukarimu kwa kiasi cha kilichotolewa. Zinaupima kwa kumbukumbu, yaani iwapo mtoaji anaikumbuka bei. Na zikisomwa hivyo, zinaachana njia katika swali lililo zito zaidi: ni nani mwenye nafasi ya kuisahau bei hiyo?

Swali hili huonekana vizuri zaidi likiulizwa kutoka mahali ambapo fedha haimiminiki kila mwezi. Konde, katika wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, jirani na msitu wa Ngezi, ni mahali pa namna hiyo. Ni nchi ya mikarafuu, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema huweza kufuatwa na miaka ya ukame wa mfuko. Baina ya msimu na msimu nyumba huishi kwa daftari la duka, kwa mkopo wa jamaa, na pengine kwa kuiweka rehani mikarafuu yenyewe. Katika uchumi kama huo, kutoijali fedha si suala la tabia tu. Anayemsamehe jirani deni katika mwaka mbaya hatoi ziada, bali anatoa kitu ambacho hana hakika kama kitarudi. Utani wa Waswahili unaomchora Mpemba kuwa mtu wa hesabu kali haujauona upande huu. Hata methali mashuhuri ya Mpemba aliyepata gogo, ambayo heshima ya jarida hairuhusu kuimaliza, haimcheki bahili. Inamcheka mtu ambaye, akishapata kidogo, huiona ardhi aliyoizoea kuwa haimfai tena.

Kiswahili kina neno mahususi kwa kosa ambalo makala haya yanalifuatilia: kusimbulia, au kwa wengine kusimanga. Si kunyima wala si kudai deni. Ni kumkumbusha mtu fadhila uliyomtendea ili kumuudhi, na hivyo kuigeuza fadhila kuwa deni baada ya kutolewa. Aya ya 264 ya Suratul Baqara inakataza sadaka kubatilishwa kwa masimbulizi na maudhi, na wafasiri wa Qurani kwa Kiswahili hawakulazimika kulitafuta neno mbali. Methali nazo zimegawanyika. Ile ya kutenda wema na kwenda zako inaamuru usahaulifu. Ile ya fadhila ya punda kuwa ni mateke imekwishafungua daftari. Mzungumzaji mmoja huweza kuzitumia zote mbili katika alasiri moja bila kuhisi mgongano, na pengine hapo ndipo ngano zinapopata kazi ya kufanya.

Kisa cha Sultani Darai kinajulikana. Haamdani ni maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, yaani thumuni moja ya reale, na kwa thumni hiyo hiyo, ambayo ndiyo mali yake yote, ananunua paa kutoka kwa mtu anayepita na tundu. Watu wanamcheka. Hana chakula chake mwenyewe, atamlishaje paa? Ngano haimpi Haamdani sababu yoyote ya maana ya kununua, na ukimya huo una uzito wake. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake anatumia fedha bila hesabu. Ukarimu wa paa unaofuata, almasi anayoiokota, safari kwa sultani, posa ya binti, nyoka mwenye vichwa saba na nyumba iliyojaa mali, umeanzia katika tendo hilo moja la kutojali. Hata jina la Sultani Darai si la Haamdani. Ni paa aliyelitamka mbele ya sultani mkwewe, akamvika bwana wake usultani kama alivyomvika nguo. Wasomaji wengi huipita nukta hii haraka, ilhali ina maana kwamba kichwa cha ngano chenyewe ni zawadi ya paa.

Kisha paa anaugua. Hapa ngano inapunguza mwendo, na msimulizi, ambaye hadi sasa amekuwa akivuka majangwa kwa sentensi moja, anakaa ndani ya nyumba moja na kuhesabu kila kupanda na kushuka kwa ngazi. Ajuza wa nyumba anapanda kumwambia bwana kwamba paa hawezi. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu. Ajuza anashangaa, kwa kuwa nyumba imejaa mchele na asali. Anarudi tena, na mke naye anasihi. Jibu la bwana linazunguka mahali pamoja: huyu ni paa aliyenunuliwa kwa thumni. Mhakiki anayetafuta ubahili ataupata hapa, lakini atakuwa amepata kilicho juu juu. Gharama ya uji wa mchele si kitu kwa mwenye ghala. Kilichombadilisha Haamdani ni kwamba amekumbuka bei. Alipokuwa jaani aliisahau thumni mara tu ilipotoka mkononi. Akiwa orofani anaikumbuka kama hati ya kumiliki. Na angalau kwa upande mmoja kumbukumbu hiyo ni sahihi kabisa, kwani paa alinunuliwa kwa thumni. Ngano haimshutumu kwa uongo, na hilo ndilo linaloufanya uovu wake utishe.

Hapa mwaka wa uchapaji unaingia katika usomaji. Mwaka 1870 soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi; lilifungwa mwaka 1873. Msikilizaji wa ngano hii mjini Unguja hakuhitaji kufundishwa istiari. Kiumbe kilichonunuliwa kutoka katika tundu, kinachomwita mnunuzi wake bwana, kinachotumwa mbali na kurudi kwa hiari, na ambacho kikiugua hukumbushwa bei yake, kilikuwa kikionekana pia nje ya ngano. Si lazima kudai kwamba paa ni mtumwa kwa usawa wa moja kwa moja, maana ngano za mnyama msaidizi zimeenea duniani, na jamaa wa karibu wa paa huyu ni paka mwenye viatu wa Ulaya. Hata hivyo paka yule haishii kwa kukumbushwa bei yake. Nyongeza hiyo ni ya pwani, na haikutoka hewani.

Historia ya Pemba inaizidishia uzito. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja na kukiacha kisiwa cha Pemba kikiwa salama zaidi, na tangu hapo Pemba ikawa shamba kuu la karafuu. Mikono iliyolihudumia shamba hilo ilikuwa ya watumwa hadi sheria ya mwaka 1897. Ukarimu wa wenye mashamba, barza zisizokosa wageni na sinia zisizotazama idadi, ulikuwa wa kweli, na wasimulizi wanaousifu hawadanganyi. Lakini fedha iliyosahauliwa barazani ilikuwa imehesabiwa pishi kwa pishi shambani. Wakoloni wa Kiingereza, waliokuta madeni makubwa baadaye, walikimbilia neno ubadhirifu, wakatunga sheria za mwaka 1934 ili kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Neno hilo lilikosea, kwani liliuona mkono wazi kuwa udhaifu wa akili. Hata hivyo wanaolijibu kwa kuutukuza ukarimu wa zamani nao wanaruka hatua: hawaulizi paa ni nani.

Kwa msingi huu Adili na Nduguze inasomeka upya. Shaaban Robert alichukua kiunzi cha kisa kutoka Alfu Lela Ulela na kukihamishia katika Ughaibu wa mfalme Rai. Wahakiki wamezungumza sana juu ya maadili ya riwaya hii na kidogo juu ya mlango wake, ambao ni wa kihazina: kodi ya Janibu imechelewa, na Mrasi anatumwa kwa liwali Adili kuifuata. Siri ya Adili inafichuka kwa sababu mfalme amehesabu. Adili mwenyewe ni kinyume cha hesabu. Ndugu zake Hasidi na Mwivu wanapoteza urithi wao safarini, wanarudi mikono mitupu, naye anawavisha na kuigawa mali yake nao. Hawasimbulii. Hata wanapomtosa baharini, chuki haimwingii. Hadi hapa Adili ndiye Haamdani ambaye hakupanda orofani.

Tatizo linakuja na jini. Huria, ambaye Adili alimwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka, anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Asipofanya hivyo ataadhibiwa yeye. Adili anawapiga, kisha anawalisha na kulia. Usomaji wa kawaida unayaona machozi kuwa thibitisho la wema wake. Lakini itazamwe namna kazi ilivyogawanywa. Adili amesahau na Huria amekumbuka. Ila mkono unaoshika mjeledi ni wa Adili. Riwaya imemhifadhi mkarimu wake na masimbulizi kwa kumwajiri jini ayafanye, halafu ikampa mkarimu huyo utekelezaji. Kila usiku deni linasomwa kwa mgongo wa mdaiwa. Ni vigumu kujizuia kufikiri kwamba Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, alijua vizuri jinsi ofisi inavyoweza kumfanya mtu mpole atimize ukali usio wake.

Utetezi wa riwaya upo, na ni wa nguvu. Katika kisa cha asili ndugu wakishasamehewa hurudia uovu, wakaangamia. Shaaban Robert alikataa mwisho huo: Rai anaingilia kati kwa majini, adhabu inaondolewa, na ndugu wanatubu kweli. Mwandishi amekuwa mkarimu kuliko chanzo chake, na amefuta deni ambalo Alfu Lela Ulela ililidai hadi senti ya mwisho. Wahakiki walioiita imani hii udhanifu hawakukosea, ila walisahau kwamba ni udhanifu uliochaguliwa, mbele ya matini iliyokuwa tayari na mwisho mwingine.

Kinachobaki bila jibu ni nafasi ya anayesahau. Adili ni mrithi na liwali. Anaposamehe, ghala halitikisiki. Utubora, katika Utubora Mkulima (1968), anaacha mshahara mzuri wa mfanyabiashara Ahadi na kwenda kulima Busutamu, na uamuzi wake ni wa kupendeza, lakini naye ana shamba la kwendea. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, aliligeuza swali hili katika Utengano (1980). Tajiri wake, Maksuudi, amejengeka kwa mali aliyomdhulumu mkewe wa zamani, Mwanasururu, na wema pekee usio na hesabu katika nyumba yake unatoka kwa mtumishi, Biti Kocho, anayethubutu kumwita mkunga Tamima alipokuwa katika uchungu wa uzazi ingawa bwana amekataza. Hapa wema umerudi kwa paa, yule aliye na bei. Ila Farashuu, mkunga na mama wa Mwanasururu, haingii katika nyumba hiyo akiwa amesahau. Ameshika hesabu ya mwanawe, na riwaya haithubutu kumwambia aiache.

Yafaa basi kutenganisha, katika usomaji na hata katika maswali ya mitihani, usahaulifu wa mwenye mali na usahaulifu wa mwenye kumilikiwa. Wa kwanza ni fadhila inapokuwa na gharama, kama katika mwaka mbaya wa karafuu pale ambapo mwenye duka la Konde anaupita ukurasa wa mjane bila kuutaja. Wa pili umesifiwa mno na wasioulipia. Paa hamkumbushi bwana wake almasi wala nyoka. Anaomba tu taarifa ipelekwe juu kwamba hawezi. Ngano inajua uzito wa ukimya huo, na haimwachii Haamdani kuuamua. Paa anapokufa na kutupwa kisimani, mke anampelekea baba yake habari, na sultani anakuja na watu wake. Haulizi alinunuliwa kwa kiasi gani. Anashuka kisimani, anampandisha, na mji wote unakaa matanga.